Kuku Wasio na Kola

Jumamosi, 2 Machi
Mama mkwe kaja na zawadi: jogoo na tetea, wote kishingo. Shingo tupu, nyekundu, hakuna unyoya! Kama shati lililokatwa kola. Na mimi ni fundi cherehani! Mke wangu kafurahi mno. Anasema kishingo hutaga vizuri na joto haliwasumbui. Mimi roho yangu iko kwa kuku aina ya kuchi: mrefu, kifua mbele, anatembea kama mgeni rasmi. Jirani yetu kinyozi anao, na hunitambia kila siku. Lazima nipate kuchi. Kwanza hawa waondoke.

Jumatatu, 4 Machi
Nimetoboa uzio kwa mkasi wa kazini. Jogoo apotee mwenyewe, mimi simo. Mchana hayupo! Nikashona huku naimba. Jioni karudi, kashiba. Kumbe tundu linatokea kwa kinyozi. Mkasi umekufa.

Jumapili, 10 Machi
Jogoo huondoka asubuhi, hurudi jioni, kama mfanyakazi wa ofisini. Kuchi dume wa kinyozi siku hizi anashinda juu ya paa. Nikauliza kulikoni. Kinyozi akasema ni mafua. Maskini.

Ijumaa, 15 Machi
Tetea wetu anaatamia! Akili ikanichemka. Nimemshonea kinyozi suruali, naye kanipa mayai ya matetea wake. Kaapa ni kuchi watupu. Mke wangu alipotoka tu, nikabadilisha mayai. Tetea kanidonoa kidole cha sindano. Nikamwambia, "Lalia tu, mama, hujui umebeba nini."

Ijumaa, 5 Aprili
Wameanguliwa. Kishingo! Wote! Nikaenda mbio kwa kinyozi, tepu ingali inaning'inia begani, nikamwita tapeli mbele ya wateja. Mmoja, kichwa nusu kimenyolewa, alicheka mpaka akashuka kitini. Kinyozi akaweka wembe chini. Kanishika mkono, kanipeleka uani kwake. Jogoo wetu huyo, katikati ya matetea, kama mwenye nyumba. Kinyozi akauliza ni nani aliyetoboa uzio. Nikakohoa.

Jumapili, 7 Aprili
Mama mkwe kaona vifaranga. Kanishika kichwa, kanibariki. Anasema hajapata kuona mkwe anayependa kishingo kiasi hiki, ataniletea wengine. Nikasema, "Ahsante, mama." Ningesemaje? Mke wangu, anayenijua, alicheka jikoni mpaka sufuria ikaanguka.
Sikati tamaa. Kosa lilikuwa kumwamini kinyozi. Leo nimepata mayai kwa fundi viatu, mtu mpole, haapi hovyo. Makubwa, yana ukijani kidogo. Anasema kuchi wa damu safi ndivyo wanavyotaga. Nikaomba kumwona tetea mwenyewe. Akasema yuko bwawani, anaogelea.
Kuku anayejua kuogelea! Kinyozi safari hii atakoma.