Paa Lililotutangulia Mteremkoni

Leo nimeaibika, wenzangu, na aibu yangu ina magurudumu manne na harufu ya petroli.

Ninawaandikia nyinyi mliojifunza udereva pamoja nami kule Nakuru, kwa sababu hapa nyumbani hakuna tena mtu wa kumweleza. Wote wanajua. Wengine walikuwepo. (Na wale ambao hawakuwepo ndio wanaosimulia vizuri zaidi.)

Nianze asubuhi, nilipokuwa bado mtu.

Mnajua kwamba nataka kumwoa Kerubo wa Ikonge. Kwetu Kisii, kabla baba hajamtoa binti yake, huja kwanza kwa mwanaume kuwaangalia ng'ombe wa mahari. Huwazunguka, huwashika nundu, kisha hunyamaza. Akinyamaza vizuri, umepata mke. Akinyamaza vibaya, katafute kwingine. Leo Jumapili ndiyo ilikuwa siku yangu. Mzee Nyabuto, baba yake Kerubo, alikuwa aje kwetu Nyakoe, nami nilikuwa nimeapa kwamba mkwe wangu hatanijia kwa miguu wakati mimi ni dereva.

Gari si langu. Ni la tajiri wangu, Ogola, mtu wa ziwani anayeuza mahindi na samaki hapa sokoni. Ni lile gari la jeshi alilolinunua vita vilipokwisha, la kupanda milima, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mbele lina viti viwili, nyuma lina mabenchi mawili yanayotazamana, na juu lilikuwa na turubai. Nasema lilikuwa. Panya walilila, mvua ikamalizia.

Sasa ningewaacha wakwe wanyeshewe? Hapana! Wiki nzima nilikuwa nyuma ya duka nikitengeneza paa. Nilikata mikaratusi mibichi, nikasimamisha nguzo nne, nikaweka mgongo kama wa nyumba, nikaezeka mabati juu yake na kuyapiga misumari. Misumari ya nyumba hasa. Kazi ilipokwisha nilirudi nyuma nikaitazama, machozi yakanilenga. (Ningejua, ningeyaacha yatiririke mapema.)

Ogola alikuja, akalizunguka gari mikono ikiwa nyuma.

"Wewe, hii ni gari ama ni kanisa?"

"Ni gari, tajiri."

"Kichwa yake imeshinda mwili."

"Hiyo ni usalama, tajiri. Hata ikipinduka, mtu yuko ndani ya nyumba."

"Sawa. Gari ni yangu. Shida ni yako."

Nilicheka. Nilimcheka mtu mzima, wenzangu, na leo Mungu amenirudishia kicheko changu chote.

Basi nikafika Ikonge. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, lakini jua limetoka na udongo unang'aa. Mzee Nyabuto alikuwa ameshasimama mlangoni na koti lake la kanisani, lile la Sabato. Ni mzee wa kanisa, mrefu, maneno yake ni machache. Akaligonga paa kwa fimbo. Ko! Ko!

"Hili litashika?"

"Mzee, hata tukianguka, mtakuwa kama mko nyumbani."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaona ng'ombe wangu wamekwisha kubaliwa kabla hawajaonekana.

Hapo ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka, akatoka mama yake Kerubo, amejifunga kitambaa kichwani, kikapu mkononi. Nyuma yake dada wawili wa mama huyo, wamejipanga kama kwaya.

Kwa kawaida safari ya kuangalia ng'ombe ni ya wanaume. Lakini mama huyu, niliambiwa, alikuwa amesema ng'ombe hawapiki, kwa hiyo yeye anakwenda kuliona jiko ambamo mwanawe ataufukia uhai wake. Nani angembishia? Mumewe hakubisha. Mimi nilikuwa nani?

Lazima niwakumbushe jambo moja, nyinyi msio Wakisii. Kwetu kuna kitu kinaitwa ensoni, heshima iliyochanganyika na haya. Mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai karibu. Hawazungumzi ana kwa ana wakatazamana machoni. Nikimwona njiani, naingia kwenye mahindi mpaka apite. Kugusana ndiko hata hakutajwi.

Basi mama akalitazama gari langu kwa makini, akitafuta mahali ambapo ensoni ingetosha kukaa. Usukani uko kulia. Benchi la kulia liko nyuma ya mgongo wangu, hatua moja tu. Likakataliwa papo hapo. Mama akaenda benchi la kushoto, mwisho kabisa, akanipa mgongo. Dada zake wakamfuata, kwa sababu nao kwangu ni mama. Vikapu vikapangwa miguuni mwao. Mikungu ya ndizi ya kutuletea zawadi nikaifunga juu ya paa, nayo upande wa kushoto, maana kuifunga kulia ningelazimika kupita mbele ya mama. Na Mzee Nyabuto akakaa mbele. Kushoto.

Upande wa kulia tulikuwa watu gani? Mimi. Mimi na kilo zangu chache za kimaskini.

Gari likalala kidogo kushoto hata kabla sijaliwasha. Nililisikia! Dereva husikia kwa makalio. Tulifundishwa pamoja, mnakumbuka: mzigo ugawe, mzigo wa juu uogope. Nikajua kabisa ninachopaswa kusema. Nilipaswa kusema, "Mama, tafadhali sogeeni huku kwangu."

Jaribuni kulitamka neno hilo kwa mama mkwe wa Kikisii. Siku ya kuangalia ng'ombe!

Tukaondoka. Pale tambarare mambo yalikuwa mazuri, watoto wanatupungia, na Mzee akawa anainua fimbo kuwasalimu. Kisha tukafika kwenye ule mteremko wa kuelekea mtoni, ambapo barabara imekatwa ubavuni mwa kilima. Kulia, kilima. Kushoto, shamba la viazi vitamu la mtu, limeteremka mpaka chini. Barabara yenyewe imeinama kushoto, na tope linateleza kama sabuni.

Paa likalia. Kriii.

Nikageuza uso kwa Mzee, nikafungua kinywa.

"Mzee..."

"Ndiyo, mwanangu?"

Nyuma nilisikia kina mama wamenyamaza, wanasikiliza nitasema nini. Ulimi wangu ukakunjika.

"...barabara si mbaya."

"Si mbaya," akasema Mzee.

Hayo, wenzangu, ndiyo maneno yangu ya mwisho kama mtu anayeheshimika.

Gurudumu la nyuma likateleza. Nikakata usukani kulia. Mwili wa gari ulitaka kunitii, kichwa kikakataa. Ogola alikuwa amesema! Tukaanza kulala, polepole sana, kwa adabu kabisa, hata nikapata muda wa kufikiri kwamba pengine litarudi. Halikurudi. Nilisikia misumari yangu ikichomoka mmoja mmoja, ile misumari niliyoipiga kwa upendo, kisha mlio mkubwa, na mwanga wa jua ukaingia mahali ambapo hapakuwa na haki ya kuwa na jua.

Paa lilikuwa limeondoka.

Lilituacha tukianguka, likashuka peke yake katikati ya viazi, likiruka na kutua, ndizi za watu zimefungwa juu yake. Likafika chini karibu na mto, likakaa wima. Halina hata mkunjo. Ungesema mtu amejenga pale tangu jana.

Na sisi je? Gari lililala ubavu wa kushoto ndani ya viazi, likatulia. Mzee alikuwa ameshika chuma cha mbele, akabaki kitini mwake. Mimi sikuwa nimeshika chochote chenye maana. Nilitoka kwenye usukani, nikapita juu ya kiti, nikadondoka nyuma kwenye kitu laini na chenye joto.

Nikafungua macho. Nikaona ua jekundu la gauni. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwa mama yake Kerubo.

Nikayafumba macho haraka. (Kana kwamba nikifumba, ningekuwa sipo.)

"Nani huyu?" ikauliza sauti juu yangu.

"Ni yule," akasema mmoja wa dada zake.

"Yule nani?"

"Mkwe."

Ikatoka "Nyasae!" moja, ndefu, ya kumwita Mungu, ambayo nadhani waliisikia hadi Nyamira. Nilisukumwa kwa nguvu ambayo sikujua mama wa umri ule anayo, nikajiviringisha hadi nje, nikatambaa, nikatokomea migombani bila kugeuka. Nililia huko. Nawaambia wazi, nililia, tope mdomoni, nikijua kwamba Kerubo nimempoteza kwa ajili ya neno moja nililoshindwa kulisema.

Nikiwa kule nikasikia wakihesabiana. Mzee amechubuka goti. Dada mmoja wa mama amevimba kiwiko. Wengine wazima. Nikamshukuru Mungu, na kwa mara ya kwanza nikamshukuru pia kwa kuliondoa lile paa, maana kama lingebaki likatulalia na mabati yale, leo mngekuwa mnasoma maandishi ya mtu mwingine.

Majirani wakaja mbio, na Kerubo pamoja nao, maana hapakuwa mbali na kwao. Gari likahitaji kuinuliwa. Kila mkono ulihitajika. Lakini mama alikuwa pale, akiinua, kwa hiyo mimi sikuweza kutoka. Basi dereva wa gari akachuchumaa migombani huku wakwe zake wakiliinua gari lake. Na aliyetoa amri nani? Mama!

"Wewe, shika chuma, siyo benchi! Nyinyi, miguu ikanyage hapa! Haya, pamoja!"

Gari likasimama. Vizuri kuliko ambavyo mimi ningelisimamisha.

Mzee Nyabuto akachechemea mpaka pembeni mwa migomba. Hakuniangalia. Aliangalia kule chini, kwa paa.

"Mwanangu," akasema, "ulisema tutakuwa kama tuko nyumbani."

"Ndiyo, Mzee."

"Nyumba yangu haijawahi kunitangulia kuteremka mlima."

Kisha akanyamaza. Nikasikiliza kimya kile kwa masikio yote mawili, nisijue ni kimya kizuri au kibaya. Wakafungua ndizi zao, wakapanda kwao kwa miguu. Ng'ombe wangu, niliowaogesha jana, hawajaonekana na mtu yeyote. Na mbuzi wa kuosha ule mguso wa mapajani, hata sijui kama wataniita nimlete au hawataniita tena kabisa.

Kerubo alibaki nyuma. Akanikuta nimejifunika jani la mgomba. Alikuwa amekunja midomo sana, ile ya mtu anayezuia kitu, nami sikutaka kujua ni kicheko au kilio.

"Mama ameuliza kama ulijua," akasema.

"Nilijua nini?"

"Kwamba gari limelemea upande mmoja."

Ningeweza kudanganya. "Nilijua tangu kwenu."

"Na hukusema?"

"Ningemwambiaje mama yako asogee kwangu?"

Akapanda kumpelekea jibu. Niliwaona juu barabarani, wawili wamesimama, mama amenipa mgongo bado. Kerubo akarudi anakimbia, ameshika gauni.

"Mama amesema mteremko haujui mkwe. Siku nyingine useme, hata kama ni kwa kupiga kelele ukitazama kando."

Siku nyingine! Mmesikia, wenzangu? Siku nyingine! Nikasimama, jani likaanguka.

"Usifurahi," akasema Kerubo. "Amesema pia mtu aliyekubali kutupindua wote badala ya kutuvunjia heshima, ama ni mpumbavu mkubwa, ama ni mkwe aliye bora kuliko wote Kisii. Bado hajaamua."

Kwa hiyo nimelirudisha gari kwa Ogola bila kichwa. Paa bado liko mtoni, na nasikia kuku wa mwenye viazi wameshahamia. Nami niko hapa, na tope masikioni, nasubiri neno kutoka Ikonge.

Ninawaomba jambo moja tu. Msicheke mpaka mama aamue.