Mhakiki wa Nusu ya Pili

Alhamisi, 2 Oktoba 2003

Siku kubwa! Dada Zipporah amepiga simu. Huyu ni nesi kutoka Kenya, mwenye sauti ya kuwaamsha wagonjwa wodi nzima, na kila Jumamosi anaendesha kipindi cha Kiswahili kwenye kituo kidogo cha redio huko Peckham. Anatafuta mhakiki wa maigizo. Dakika kumi kila wiki, kuwaambia Waswahili wa London mchezo upi unafaa na upi ni upuuzi. Nikamwambia asihangaike kutafuta tena. Akasema atatafuta kidogo. Anaona haya tu kuonyesha furaha yake.

Nani mwingine kama si mimi? Mchana napanga trei za chakula cha abiria wa ndege kule Hayes, sawa, lakini jioni mimi ni mtu wa majukwaa. Hakuna ukumbi wa katikati ya jiji nisioujua, na sijawahi kukata tikiti. Njia yangu ni hii. Nafika wakati wa mapumziko, watazamaji wako nje wanavuta sigara. Nami nashika yangu. Siiwashi. Nakohoa kidogo, natikisa kichwa kama mtu aliyeguswa sana na mchezo. Kengele ikilia, tunaingia wote, na viti vitupu havikosekani. Hakuna ninachokosa. Nusu ya kwanza ni watu kujitambulisha tu. Mwenye akili huenda harusini pilau ikishapakuliwa.

Leo: mchezo wa nyimbo juu ya waoka mikate. Nyumba inaungua, wao wanaimba! Jukwaa limejaa watu, hakuna hata mmoja mwenye ndoo. Tena moto ulianzaje? Mwandishi hakueleza popote. Udhaifu mkubwa.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nina mpinzani. Nizar! Mwenye duka wa Kenton, mzaliwa wa Mombasa. Anauza magazeti, maziwa na sambusa. Naye ameiomba nafasi. Eti ni mpenzi wa maigizo tangu ujana. Anakata tikiti halali, tena za mbele, kisha anavihifadhi vipande vyake kwenye albamu kama picha za harusi.

Na maoni yake sasa! Amemwambia Dada Zipporah kwamba michezo ya Waingereza siku hizi haina mwisho. Eti watu wanagombana, wanachomoa visu, mara taa zinawaka, basi. Nilicheka mpaka msimamizi wa kazini akaja kuniangalia. Haina mwisho? Ina mwisho tele! Kinachokosekana ni mwanzo.

Dada Zipporah ameamua kutushindanisha. Jumamosi ya wiki ijayo, sote wawili hewani, tuzungumzie opera moja: ile ya mjane mwenye gauni jekundu. Atakayeshinda ndiye mwenye kipindi. Nikamshauri amwekee Nizar kitambaa cha kufutia machozi. Akasema, "Laurean, please, usiniletee drama." Nikamjibu kwamba drama ndiyo kazi yenyewe.

Jumapili, 5 Oktoba

Chakula cha jumuiya, Peckham. Wali, kuku, chapati za Dada Zipporah mwenyewe. Nikajikuta meza moja na Nizar. Mtu mmoja, kwa nia njema, akatuuliza habari za ule mchezo wa hakimu unaosifiwa magazetini.

Nizar akasema hakimu ni mtu mwadilifu. Asubuhi anakula yai lake taratibu, jioni anamsomea binti yake hadithi. Nikashangaa. Nikasema hakimu ni mwizi, na amekamatwa ndani ya kabati amekumbatia vikombe vya fedha vya kanisa. Nizar akasema namchafulia mtu jina. Akasema mchezo ule hauna kabati. Nikasema kabati ndilo mchezo wenyewe! Watu wakagawanyika meza nzima. Mama mmoja alimtetea hakimu kwa uchungu, na hata mchezo hajauona.

Nikawakumbusha kwamba sisi Wahaya wa Bukoba tunaitwa nshomile, yaani tuliosoma. Wengine hulisema neno hilo kwa kejeli. Mimi nalipokea kama cheo. Nizar akasema kusoma ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Dada Zipporah alikuwa anatafuna chapati kimyakimya, anatutazama sote wawili kama anasoma kipimajoto.

Jumatatu, 6 Oktoba

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nimekwenda kwenye opera ya mjane. Mapumziko, sigara mkononi, kengele imelia, nasukumana na wenzangu mlangoni. Ana kwa ana na Nizar! Mimi naingia, yeye anatoka. Koti, skafu, mwavuli. Akasema anatoka kupata hewa. Nikasema nami nilitoka kupata hewa. Akaitazama sigara yangu, akauliza nimeanza lini kuvuta. Nikamwambia opera hii imenitikisa.

Nikamchungulia. Hewa yake ilimpeleka moja kwa moja mpaka kwenye ngazi za kituo cha treni, akazama chini. Ndipo nikaelewa. Magazeti yake hufika dukani alfajiri, hawezi kukesha mjini. Kila mchezo huuacha katikati! Mtu huyu hajawahi kuona mwisho wa kitu chochote tangu aje Uingereza. Ndiyo maana kwake hakimu bado ni mwadilifu. Maskini! Anapata wapi ujasiri wa kujiita mhakiki, mtu aliyeona nusu tu?

Opera yenyewe: mjane wa gauni jekundu anakufa juu ya kochi. Anakufa pole pole, kwa sauti ya juu sana. Kwetu Bukoba angekuwa ameshazikwa na wageni wameshaondoka, yeye bado anaimba. Pembeni kuna mwanamume wa suti nyeusi anayelia. Ni mume wake, bila shaka. Nimeguswa. Nitamuuliza Nizar hewani mbele ya watu wote mjane alikufaje, nimwone atakavyotapatapa.

Jumanne, 7 Oktoba

Nizar naye si mjinga. Amepiga simu. Akauliza, kwa upole kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa, opera ilianzaje. Nikasema ilianza vizuri sana. Akauliza nani aliingia wa kwanza. Nikasema mambo ya sanaa sizungumzii kwenye simu. Halafu akanikaribisha dukani, chai.

Nilikwenda. Chai ya tangawizi nyuma ya kaunta, bhajia za moto. Akasema tuache utoto, Bwana Laurean. Yeye ana nusu ya kwanza, mimi nina ya pili. Tubadilishane, kila mtu awe na opera nzima, kisha atakayeieleza vizuri zaidi ndiye ashinde. Wazo la maana. La haki, la kiungwana. Nikaona papo hapo jinsi ya kulitumia vibaya.

Nikamwambia opera inaishia kwa harusi. Mwenye suti nyeusi anamwoa mjane, keki inaingizwa jukwaani, ndefu kuliko bwana harusi, watoto wanarusha maua. Alinisikiliza mdomo wazi. Akashukuru. Kisha akanieleza mwanzo: tuko melini, dhoruba kali, anaingia simba, na juu ya simba amekaa askofu.

Simba! Kumbe ndiyo maana mjane alikuwa na wasiwasi vile. Nilijisikia vibaya kidogo kumdanganya mtu mkweli kiasi hiki. Nikachukua bhajia nyingine.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hewani.

Nilianza mimi. Nikaingia na simba. Nikasema simba ni ukoloni, na askofu aliyempanda ni dini iliyokuja na ukoloni huohuo, mgongo mmoja, safari moja. Kimya studio nzima. Nilijua nimewapata. Dada Zipporah akauliza simba yule aliimba sauti gani. Nikasema besi. Nizar alikuwa ameuzika uso kwenye skafu, mabega yanatetemeka. Nikadhani ni wivu.

Ikawa zamu yake. Akaipamba ile harusi mpaka nikaanza kuiona. Shela, vigelegele, keki! Akasema machozi yalimtoka. Sasa mimi ndiye nikawa nauma mkono wa shati langu.

Ndipo Dada Zipporah akasema, taratibu kabisa, kwamba yeye alikwenda kuiona Alhamisi pamoja na manesi wa wodi yake. Mwanzo mpaka mwisho. Hakuona meli. Hakuona simba. Harusi haikuwepo, kwa sababu bibi mwenyewe amekufa. Tena si mtu wa kulilia: nusu ya kwanza nzima anawatilia ndugu zake sumu kwenye supu. Na yule mwenye suti nyeusi si mume, ni daktari. Tena daktari mbovu, akasema, maana hata mapigo ya moyo hakumpima.

Nizar alinidanganya! Nilisimama nikapiga kelele kwamba mtu huyu hajawahi kuona mwisho wa mchezo. Naye akasimama, akapiga kelele kwamba mimi sijawahi kuona mwanzo. Yote haya hewani. Simu zikaanza. Bijou, msusi wa Peckham, alisema amecheka mpaka amemsuka mteja upogo. Mwingine aliuliza simba anacheza siku zipi, ana watoto.

Niliona aibu. Humu hakuna anayesoma, kwa hiyo nasema ukweli. Nilikaa kwenye kituo cha basi, basi langu likaja, likaondoka, sikupanda. Nilikitaka kipindi kile kwa moyo wangu wote. Kule Hayes hakuna anayeniuliza naonaje. Trei hazina haja na maoni yangu. Kwa dakika zile chache watu walinyamaza wanisikilize mimi, nami nikawapa simba asiyekuwepo.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimefufuka! Dada Zipporah amepiga simu baada ya ibada. Wasikilizaji wanatutaka. Sote wawili, kila wiki, palepale. Nilijua wataithamini kazi yangu.

Ana sharti moja. Amepata tikiti mbili za Jumanne, mchezo mpya wa masista wa nyumba ya watawa walioibiwa kengele yao. Tukae bega kwa bega, tuuangalie mwanzo mpaka mwisho, Jumamosi tutoe ripoti. Mmoja wetu akileta tena uongo, au nusu mchezo, dakika zile anampa mama wa mapishi ya kisamvu. Hatasikiliza maombi ya mtu. Nimeapa. Nizar naye ameapa, na amemwomba jirani yake Pravin ampokelee magazeti.

Jumanne, 14 Oktoba

Tikiti halali, jina langu limeandikwa kwenye bahasha! Mhudumu aliniita "sir". Nimekaa kiti changu mwenyewe, Nizar kushoto kwangu, pazia likafunguka. Mara yangu ya kwanza kuona pazia likifunguka. Niseme, ni kitu kizuri.

Nusu ya kwanza: kumbe ni kweli, watu hujitambulisha. Masista watatu, Mama Mkuu mnene mwenye hasira, mtunza bustani asiyeaminika. Kengele imeibiwa, kila mmoja anamshuku mwenzake. Niliwajua wote kwa majina. Sikusinzia, labda mara moja.

Mapumziko. Nizar aliing'ang'ania mikono ya kiti kwa nguvu, ili miguu isimpeleke Kenton bila yeye kutaka. Nikamwacha, nikatoka nje na sigara yangu. Mazoea. Mtaa ule kumbi zimebanana ukuta kwa ukuta, wavutaji wamejaa njiani wote pamoja. Nilikohoa, nikatikisa kichwa. Kengele ikalia, tukaingia.

Nusu ya pili: sijawahi kuona ujasiri kama ule! Kwanza wamebadilisha hata ukumbi wenyewe. Viti vilivyokuwa vyekundu sasa kijani. Kiti changu kimekaliwa na bibi mmoja wa Kijapani, akanionyesha tikiti yake, sikutaka ugomvi, nikatafuta kingine. Na Nizar hayupo! Nimezungusha macho ukumbi mzima. Ametoroka! Kiapo chote kile, na Pravin wa watu ameamshwa bure.

Jukwaani sasa ni mabondia. Wanaruka, wanaimba, wanapigana ngumi kwa mdundo wa ngoma. Masista hawatajwi hata mara moja. Mtazamaji wa kawaida angepotea hapo. Mimi, kwa kuwa nimeona nusu zote mbili, nimeelewa. Kengele ya watawa ndiyo hiyo inayogongwa kila raundi! Imeibiwa, imeuzwa, imefika ulingoni, na mwandishi hakutwambia neno, ametuachia tufikirie wenyewe. Mwamuzi mnene mwenye hasira ni Mama Mkuu, amejigeuza kuja kuitafuta. Kipara kile kimetengenezwa vizuri sana. Nilisimama kupiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

Nimempigia Dada Zipporah, hakupokea, nikamwachia ujumbe mrefu. Nimemweleza kwamba Nizar amevunja kiapo, amekimbia wakati wa mapumziko kama kawaida yake, na kwa kuwa sharti ni sharti, Jumamosi dakika zote kumi anipe mimi. Nimemdokezea na habari za Mama Mkuu na ulingo, apate hamu.

Namhurumia Nizar. Mchezo lazima uangaliwe mzima.