Posa ya Majivu na Nyungunyungu

Baba Mkwe Mtarajiwa,

Shikamoo.

YAH: OMBI LA KULEGEZEWA MASHARTI YA POSA

Nimeamua kukuandikia kwa sababu nikiwa mbele yako sauti hunikauka. Mimi ni karani wa masijala. Nikishika kalamu ndipo napata ujasiri kidogo.

Nilipoleta posa, ulisema binti wa afisa misitu mstaafu haolewi na mtu anayechafua dunia, ukaniagiza niishi kijani hadi utakaporidhika. Nilikubali papo hapo, kwa kuwa nampenda, na kwa kuwa ulikuwa umeshika panga la kupogolea miti.

Sijavunja sharti hata moja. Ila katika utekelezaji nimekutana na haya:

1. Sabuni. Nafua kwa majivu na limau, kama ulivyoelekeza. Mashati yangu meupe sasa yana rangi ya chai ya maziwa. Mkuu wangu wa kazi aliniuliza mbele ya wenzangu kama nimefiwa. Nikasema hapana. Akanipa pole hivyo hivyo.

2. Maji. Ndoo moja inaniogesha, inafua, inapiga deki, kisha inamwagilia mboga. Mpango ni mzuri, mradi mtu akumbuke ndoo imefika hatua gani. Jumatatu nilisukutulia maji ya deki.

3. Pasi. Kwa kuwa pasi inakula umeme, suruali naiweka chini ya godoro na kuilalia. Hii inanilazimu kulala chali bila kujigeuza, kama maiti mwenye adabu. Nikiota ndoto mbaya, suruali inaamka na mistari mitatu kila mguu.

4. Moto. Maharage yakishachemka kidogo nayaepua, nayatia kikapuni na kuyafunika blanketi yaive yenyewe. Yanaiva, sikatai. Lakini blanketi ninalo moja tu, na huu ni msimu wa baridi. Kati yangu na maharage, anayelala kwenye joto si mimi. Jirani yangu, fundi cherehani, akinisikia napiga chafya huniambia kupitia ukutani, "Karani, si uingie kikapuni na wewe?"

5. Nyungunyungu. Wanakaa kwenye beseni chini ya meza, wanakula maganda na kutengeneza mboji. Maganda ya limau, ambayo ninayo tele kwa sababu ya namba 1, hawayataki. Imebidi niwe nawanunulia ndizi. Juzi mama mwenye nyumba alifunua beseni akidhani ni chakula. Sasa anasema chumba alimpangisha mtu mmoja, na anataka kujua hawa wengine ni nani.

Baba, naomba uangalie tunakoelekea. Kwa mashati haya sitathibitishwa kazini. Nisipothibitishwa, sitaweza kuoa. Nisipooa, wajukuu hawatapatikana, na ni wewe mwenyewe uliyesema dunia hii tunawatunzia wajukuu. Itakuwa safi kweli kweli, lakini wa kukaa ndani yake hayupo.

Kwa unyenyekevu, basi, naomba kipande kimoja cha sabuni, na blanketi lirudi kitandani. Ukiona ni mengi, nichagulie moja. Nikiulizwa mimi, blanketi.

Nasubiri uamuzi wako kwa heshima na mafua. Nisalimie mama, bibi, na shemeji zangu wote, hata yule anayenicheka.

Ni mimi mtiifu wako,
Mkwe mtarajiwa

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, binti yako amenipigia simu. Anasema yule daktari wa meno mwenye gari naye ameleta posa, nawe umempa masharti haya haya. Anasema pia kwamba siku ya pili tu daktari ameulizia kama mtumishi wake wa ndani anaweza kuyatimiza kwa niaba yake. Kwa hiyo ombi langu hapo juu nalifuta lote. Masharti ni mazuri, yanatekelezeka bila shida, na nashauri lisilegezwe hata moja kwa mtu yeyote, hasa lile la blanketi. Daktari akikosa nyungunyungu wa kuanzia, anitafute. Wangu wamezaa.