Mwenye Saini ya Mwisho

Jumatatu, 3 Juni
Siku tano tu, kisha likizo. Miaka miwili sijafika nyumbani. Mjukuu wa kwanza kazaliwa, sijamwona hata ukucha. Tiketi ya basi la Jumamosi nimeificha ndani ya soksi. Humu maabarani siamini mtu.

Profesa kanisalimia mara mbili leo. Mimi, muosha chupa! Kuna jambo.

Jambo ni friza ya sampuli. Lazima kipimajoto chake kisomwe asubuhi na jioni, hata sikukuu. Desturi ya hapa: aliyetia saini mwisho kwenye karatasi ya mlangoni ndiye mwenye friza, mpaka mwingine akubali kuipokea. Profesa kamtwika mtafiti wetu kijana, namwita Binti, asiyejua kukataa. Binti naye hunituma mimi. Na Jumamosi atamtuma nani kama si mimi?

Jumanne, 4 Juni
Dawa nimeipata. Binti akimkatalia Profesa, mzigo unarudi kwa mwenyewe. Nimemfundisha penye sinki. Simama wima. Mtazame kwenye nyusi. Sema hapana, ufunge mdomo. Anayejieleza huombwa tena. Mara ya kwanza aliliomba sinki radhi. Tukarudia mara kumi na moja.

Jumatano, 5 Juni
Kakataa! Nilikuwa nyuma ya mlango na ufagio. Profesa kakohoa, kasema sawa. Sawa tu? Naishuku hiyo sawa.

Alhamisi, 6 Juni
Profesa kaenda kuisoma karatasi. Saini ya mwisho ni yangu. Wiki nzima mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea Binti friza na kusaini. Nimejipalia makaa. Profesa kanishika bega, kaniita mzee wangu, kasema friza iko mikono salama. Nikajibu ndiyo, Profesa. Mdomo huu!

Nikamkimbilia Binti, nikamwomba aipokee friza. Nikamweleza mjukuu, basi, miaka miwili. Akasimama wima. Akanitazama kwenye nyusi.

“Hapana, baba.”

Akafunga mdomo. Nilisubiri sana. Hakuufungua.

Jumamosi, 8 Juni
Basi limeondoka. Friza: themanini chini ya sifuri. Nimesaini. Mwanangu kapiga simu. Nikamsikia mtoto akilia kwa nyuma. Nikasema mwezi ujao.

Nimemchunguza mlinzi wa getini. Kila mtu humbambikia zamu yake. Hajui kukataa, maskini. Leo nimeanza kumfundisha, na anashika upesi kuliko Binti. Akishaiva, nitamwomba anipokee friza.