Zimwi la Saba

Alhamisi, 1 Julai 1976

Leo Mwanne amenijibu. Si ndiyo, si hapana. Amesema, huku akigeuza maandazi yake, kwamba hajawahi kuniona nikimaliza jambo. Bustani ya mchicha niliiacha ikiwa na majani mawili. Ukinyozi niliuacha kichwa cha Mzee Akida kikiwa nusu. (Mashine ndiyo iliyogoma, si mimi.) Nikimaliza jambo moja kabla Saba Saba haijaisha, jambo lolote lile, nilete posa. Nimerudi chumbani nikiimba. Mtu wa akili zangu anahitaji asubuhi moja tu.

Ijumaa, 2 Julai

Akili imenijia msikitini, Mungu anisamehe, katikati ya hotuba. Mazimwi! Watoto wote wa Shinyanga wamelazwa kwa hadithi za mazimwi, ila hakuna aliyewahi kulishika hata moja. Udongo wa mfinyanzi uko bure mtoni. Nitafinyanga mazimwi ya aina saba, kila moja urefu wa kidole gumba. Ujanja uko hapo: mwenye moja atataka la pili, na mwenye sita hatapata usingizi.

Jioni nimemaliza Jicho Moja, Mguu Mmoja na Mdomo Tumboni, rundo zima kwa kila aina. Jicho Moja limefanana kidogo na Mzee Akida. Sikukusudia.

Jumapili, 4 Julai

Kibaraza changu cha sokoni kimejaa watoto. Wanalipa kwa mayai, maana ndiyo yaliyoko nyumbani. Mayai nampelekea Mwanne, naye anayapokea. Akina mama wawili walikuja kuuliza kwa nini kuku wao wameacha kutaga. Nikawaambia ni baridi ya Julai.

Zimwi la saba liko moja tu duniani. Ni Mama wa Mazimwi, mwenye masikio marefu anayojifunika kama shuka. Nimeliweka juu ya kopo la kakao, lionekane. Nimewatangazia watoto: mwenye aina zote sita atalipata siku ya Saba Saba. Likitoka hilo, kazi imekwisha, na Mwanne hana la kusema.

Mbele yangu, ng'ambo ya njia, yuko Januari, muuza vigari vya waya. Hana mteja. Nimemsalimia mara kadhaa ili aone nilivyo na shughuli.

Jumatatu, 5 Julai

Balaa. Mihayo amepita.

Mihayo ni Msukuma wa Kolandoto, mimi Mzaramo. Basi ni mtani wangu, na mtani akichukua chako unacheka. Ndiyo desturi. Mwaka jana aliondoka na viatu vyangu nikiwa ndani natafuta soksi, nikacheka. Leo amenyoosha mkono, amelichukua zimwi la saba, amenishukuru kwa Kikwao, wabeja, akapanda baiskeli. Watu walikuwa wanatazama. Nikacheka mpaka alipokata kona, kisha nikakaa chini.

Kabla ya adhuhuri alikuwa amelibadilisha kwa Januari, akapata kigari cha mwanawe. Sasa Mama wa Mazimwi amepakiwa kwenye lori la waya, mbele ya meza ya Januari, na watoto wote wamehamia kule. Januari amenisalimia mara kadhaa.

Jumanne, 6 Julai

Dawa ya moto ni moto. Januari nadhani ni Mnyamwezi. Kusema kweli sikuwahi kumuuliza, lakini ana uso wa Kinyamwezi kabisa, na Wanyamwezi ni watani wetu. Nikavuka njia, nikalinyakua zimwi, nikamwambia pole mtani. Nikasubiri acheke.

Hakucheka. Ni Mzinza wa Geita. Amepiga kelele za mwizi.

Tukapelekwa kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Maige, tukamkuta anakula. Akauliza kama kuna utani kati ya Wazaramo na Wazinza. Hakuna aliyewahi kuusikia. Nikasema tunaweza kuuanza leo. Balozi akasema utani hauanzishwi na mtu aliyeshika mali ya mwenzake. Hukumu: zimwi lirudi kwa Januari, na kesho nimuuzie vigari vyake tangu asubuhi hadi jua lizame.

Mwanne alikuwa mlangoni. Yeye ndiye aliyekuwa amemletea balozi maandazi. Amesikia yote. Niliona haya kweli, nikatamani masikio ya Mama wa Mazimwi nijifunike.

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Ngoma, vumbi, watu kutoka kila upande. Mimi na vigari.

Mchana nilitaka kuchomoka nikatazame wacheza na nyoka. Januari akasogeza kigoda chake njiani, akakaa. Basi nikauza. Nikawaambia watoto kwamba zimwi lisilo na gari linakuja kwa miguu usiku kumtafuta mwenye nalo. Ikawa vurugu. Binti wa Serafina, jirani yetu, alileta mazimwi yake yote sita, na Januari akampa la saba kwa mkono wake.

Jua lilipozama meza ilikuwa tupu. Kumbe Mwanne alikuwa amesimama karibu tangu alasiri. Akasema hii ni mara ya kwanza kuniona mwishoni mwa jambo. Nikamwambia ilikuwa adhabu. Akasema anajua, lakini nimeimaliza. Nilete posa.

Nimefurahi mpaka nimemkumbatia Januari, ambaye si mtani wangu.

Alhamisi, 8 Julai

Asubuhi njema. Nimeanza mazimwi mapya, ya aina kumi na mbili safari hii. Nimefinyanga mguu wa la kwanza. Mengine kesho.

Posa iko tayari: barua, doti ya kanga, na mkufu wa marehemu mama. Balozi alinishauri nimtume Mzee Akida, lakini nywele zake bado hazijalingana na hatuongei. Nimetafuta mshenga mwenye baiskeli, mchangamfu, anayenijua vizuri. Nimempa Mihayo.

Amepokea vyote kwa mikono miwili, amesema wabeja, ameondoka akicheka. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa kina Mwanne ni upande wa stesheni, naye ameshika barabara ya Kolandoto. Bila shaka anajua njia ya mkato.