Giaboksi Iliyogoma Kunipeleka Harusini

Tarehe 14, mwezi wa tisa, mwaka wa arobaini na moja tangu nitoke kwetu.

Kwa Ndugu Meneja wa Dhamana,
Kampuni ya Magari ya Spoti,
Ghorofa ya juu (nimeambiwa huwa hushuki).

YAH: GIABOKSI YENU KUVUNJA SAFARI YANGU YA KURUDI NYUMBANI

Ndugu Meneja,

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka kidogo, na sababu ni wewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ili mke wangu naye asikie jinsi ninavyotukanwa kwa lugha nzuri. Unasema kampuni haitatengeneza tena giaboksi ya gari langu, ingawa dhamana haijaisha, kwa sababu kompyuta iliyofichwa ndani ya gari imetoa siri kwamba gari hilo limetumika “katika mashindano ya mbio”.

Nina miaka sabini na mitatu. Mpaka nilipostaafu nilikuwa mtunza maktaba, kazi ambayo sifa yake kuu ni kunyamaza na kunyamazisha wengine. Jirani yangu wa kulia anatembea kwa fimbo. Wa kushoto aliuza baiskeli yake kwa kuogopa mteremko. Naomba uniambie nimeshindana na nani.

Kabla sijaorodhesha malalamiko, ni haki ujue kwa nini mtu wa maktaba alinunua gari jekundu la milango miwili. Siku niliyoondoka kwetu nilipanda nyuma ya lori la watu, juu ya magunia. Lori lenyewe liligoma kuwaka, likasukumwa, na waliolisukuma ni kaka zangu wawili, huku wakinicheka. Nikiwa kijana mwenye hasira, juu ya magunia, mbele ya mtaa mzima, nikawaambia kwamba siku nitakayorudi watanisikia kabla hawajaniona. Ningeweza kusema jambo jingine. Lakini nilisema hilo, na mdogo wangu wa kike alikuwepo. Huyu tunamwita Redio, na hajakatisha matangazo tangu siku hiyo. Kaka zangu wote wawili sasa ni marehemu, lakini hakuna mtu kwetu, hata aliyezaliwa juzi, asiyejua kwamba mjomba atasikika kabla ya kuonekana.

Ndiyo maana muuzaji wenu aliponiuliza nataka gari la aina gani, nilimjibu: lenye kelele. Akanitazama, akazitazama mvi zangu, akanipeleka moja kwa moja kwenye lile jekundu. Huyo kijana simlaumu kwa lolote.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Safari ya kwanza ilikuwa ya harusi. Kitinda mimba wa Redio, ambaye ni seremala, amechumbia muuguzi, na mama yake ameapa kwamba haitafungwa ndoa yoyote mpaka mjomba afike, kwa kuwa upande wetu nimebaki peke yangu. Tuliondoka asubuhi. Majirani walijipanga langoni kutuaga, wengine wakifuta machozi. Mke wangu alikaa kwenye kiti chake akiwa amepakata cherehani, zawadi ya Redio, maana buti ya gari lenu inaingia kofia moja, na hiyo kofia iwe laini. Nikaingiza gia. Nikakanyaga mafuta. Gari likanguruma mpaka ndege wakahama mti wa jirani, lakini halikwenda popote. Lilikuwa kama mtu anayegombana huku amekaa. Kisha likatoa harufu ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, likazima. Likaja gari la bredauni kulivuta. Mke wangu akarudi ndani na cherehani yake, akapinda mapazia.

2. Mliweka giaboksi mpya. Nashukuru. Safari ya pili gari lilikufa palepale langoni, kwa ngurumo ileile na harufu ileile. Majirani waliotoka kutuaga safari hiyo walikuwa wachache, na hakuna aliyelia. Jirani wa kulia, aliyekuwa amenizawadia chupa ya chai, aliiomba tena kwa kuazima mpaka nitakapoondoka kweli.

3. Safari ya tatu hakutoka mtu. Jirani wa kushoto alichungulia dirishani akaniomba nikirudi nimletee mkate. Mke wangu alikaa na cherehani kama kawaida, lakini nilipotazama miguuni kwake niliona amevaa ndala. Mwanamke anayesafiri siku mbili havai ndala. Kwa hiyo nalalamika kwamba imani ya mke wangu nayo imeharibika ikiwa ndani ya muda wa dhamana, na karakana yenu haina spea ya kitu hicho.

4. Wakati wa matengenezo ya tatu mlinipa gari la kutumia kwa muda. Fundi wenu mkuu, ambaye sisi wateja tunamwita Subira-Mzee kwa sababu hana neno jingine, alinikabidhi funguo kwa fahari. Lilikuwa gari dogo la umeme. Aliniambia hilo hata paka aliyelala chini yake haliwezi kumwamsha. Alidhani ananisifia gari! Fikiria aibu hiyo, Ndugu Meneja: niingie mtaani kwetu baada ya miaka arobaini na moja, watu wananiona, wananitazama, wananitambua, na bado hawajasikia kitu. Nilijaribu honi. Inalia kama bata mwenye haya. Nililirudisha siku hiyohiyo.

5. Hapa ndipo penye tuhuma yako, nami naijibu bila kuficha. Ni kweli kompyuta yenu imenasa gari likiungurumishwa kwa nguvu mara nyingi sana. Lakini hayakuwa mashindano. Yalikuwa mazoezi ya kuwasili.

Nieleze. Kila Jumamosi jioni Redio hunipigia simu na kuiweka sauti kubwa katikati ya sebule yake. Wanakusanyika watoto, wajukuu, majirani, na baba wa bibi harusi, ambaye huja na kiti chake mwenyewe. Mke wangu husimama nyuma ya gari uani kwetu, ameishika simu karibu na bomba la moshi. Mimi naingia, nawasha, naingiza gia kabisa, maana kuwasili bila gia ni udanganyifu, kisha nakanyaga. Huko kwetu wanapiga makofi. Mtoto mmoja hulia kila Jumamosi, na wanasema akikua ataacha. Baba wa bibi harusi mwanzoni alikuwa mtu wa mashaka, lakini siku hizi huomba simu na kuniuliza giaboksi imeamkaje.

Sasa pima mwenyewe. Katika mazoezi yote hayo gari halijasogea hata unene wa ukucha. Nani amewahi kushinda mbio akiwa amesimama? Na kama gia imeingia, na injini inanguruma, na gari bado limesimama, si huo ndio ubovu wenyewe ninaoulalamikia? Kompyuta yenu imekuja kunishitaki ikageuka shahidi wangu. Jumamosi iliyopita, katikati ya makofi, ile harufu ya pasi ilirudi kwa mara ya nne, na tangu hapo gia haishiki kabisa. Injini tu ndiyo inayowaka.

6. Hasara za harusi. Imeahirishwa mara tatu, na ya nne inanukia. Gauni la bibi harusi limebanwa, likaachiwa, likabanwa tena. Mpwa wangu alitengeneza kitanda cha maharusi. Harusi ilipoahirishwa, kwa kukosa la kufanya, akatengeneza kabati. Kisha meza. Kisha viti, na viti vya wageni, na viti vya wageni wa wageni. Sasa ana samani ambazo haziingii katika nyumba aliyopanga, anatafuta nyumba kubwa zaidi, na akiipata itakuwa na vyumba vitupu, naye ataanza upya. Bibi harusi, binti mpole ambaye kazi yake ni kuwachoma watu sindano bila kuwaudhi, amemwambia Redio kwamba anaheshimu wakubwa, lakini hakuchumbiwa na giaboksi.

Kutokana na hayo, nimekisoma kijitabu cha dhamana kwa makini ya mtu aliyesoma vitabu maisha yake yote, na nimekuta kampuni inawajibika kwa “madhara yatokanayo moja kwa moja na hitilafu”. Dhara kubwa hapa ni kwamba harusi imekosa mjomba. Aliyekaa kwenye nafasi ya mjomba ni giaboksi. Giaboksi ni mali yenu. Kwa hiyo, Ndugu Meneja, kwa mantiki ambayo sioni pa kuipasua, mjomba ni nyinyi.

Naomba basi, kama hamtengenezi gari kabla ya mwisho wa mwezi huu, kampuni itimize yafuatayo:

(a) Itume mtu mzima mwenye busara, si muuzaji, akae kwenye kiti cha mjomba. Kiti kipo. Viti vipo vingi mno.

(b) Mtu huyo asimame na kuzungumza. Asiongelee kasi, mkopo, wala rangi zilizopo stoo. Aongelee uvumilivu, jambo ambalo wateja wenu wanalielewa.

(c) Awape maharusi nasaha za faragha. Subira-Mzee anafaa, ila asiahidi kwamba mambo yatakuwa tayari kesho asubuhi.

(d) Maharusi watakapogombana siku za usoni na kutafuta wa kumlaumu kwa kuwaunganisha, kampuni ibebe lawama hizo kwa miaka mitano au kilomita laki moja, lolote litakalotangulia.

Sidhani nimeomba makubwa. Mjomba wa kawaida hufanya hayo yote bila hata kupewa kijitabu.

Nisalimie wote hapo. Msalimie Subira-Mzee, umwambie chai yake ni kali lakini nimeizoea. Msalimie binti wa mapokezi anayeniita babu na kunitafutia kiti mbali na feni. Yule mteja wa gari la kijani, mwenye tatizo kama langu, mwambie nafasi yangu kwenye benchi anaweza kuikalia, lakini gazeti asilipeleke nyumbani. Hata paka wa karakana nisalimie, yule asiyeamshwa.

Ni mimi, mteja wenu kwa hiari na mgeni wenu kwa mazoea,
Mzee wa Gari Jekundu

TANBIHI: Bahasha ilikuwa imekwishafungwa. Mke wangu aliomba kuisoma kwanza, kwa kuwa ametajwa ndala zake. Alisoma kimya mpaka lalamiko la tano, akavua miwani.

Aliniambia: “Baba, mimi kila Jumamosi nasimama nyuma ya gari na simu. Zile taa nyekundu za breki zinaniwaka usoni kuanzia unaponguruma mpaka unapozima. Nilidhani unajua.”

Nilimwuliza siku tulizoondoka ilikuwaje. Akasema jirani wa kulia alishamwambia, tangu safari ya kwanza, kwamba ziliwaka pia. Walikubaliana wasiniulize.

Nikatoka uani, nikakaa ndani ya gari bila kuwasha. Nikajifanya naondoka. Mguu wa kulia ukaenda kwenye mafuta, kama nilivyouagiza. Mguu wa kushoto, ambao sikuuagiza kitu, ukaenda wenyewe ukakanyaga breki kwa nguvu zote. Nilijaribu tena huku nikiutazama. Ukakanyaga tena; kumbe ndio uliokuwa ukiunguza giaboksi zenu. Gari lenu ni la gia za kujiingiza, halina kazi hata moja ya mguu wa kushoto, na nimekaa pale jioni nzima nikijiuliza umeipata wapi kazi hiyo.

Nilimpigia Redio nikamweleza habari ya miguu. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akapunguza sauti mwenyewe.

Kisha akasema: “Kaka, sisi tumeshakusikia. Kila Jumamosi tunakusikia, na hatujakuona, kama ulivyosema juu ya magunia. Umemaliza. Sasa waache watoto waoane.”

Kwa nyuma nilimsikia baba wa bibi harusi akiuliza giaboksi inasemaje.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, malalamiko yote nayafuta, na ujomba nauchukua tena. Kompyuta yenu ilisema kweli kwamba kosa ni langu, ingawa kuhusu mashindano bado naidai radhi. Giaboksi msiitengeneze. Harusi ni Jumamosi ijayo. Maharusi watakapoingia ukumbini simu itawekwa sauti kubwa, mke wangu atakuwa kwenye bomba la moshi, nami nitanguruma, na kunguruma kunataka injini tu. Cherehani tumeituma kwa posta.

Mimi sitarudi.