Sheria ya Kodi Imenigeuza Mseja

Whitehall, Ohio
Machi 2016

Kwa Profesa Nshimirimana,
Mwalimu wa Sheria za Kodi, Buffalo

Mheshimiwa Profesa,

Nakuandikia kwa heshima yote niliyobakiza, nayo si nyingi, maana nyingine niliiacha mezani kwa Ferdinandi, anayetujazia fomu za kodi sisi Wakongomani wa hapa Columbus.

Nimesoma utafiti wako juu ya haki katika kodi, nikausoma tena kwa sauti kantini ya ghala ninakofanya kazi, mpaka wenzangu wakahama meza. Unasema watu wanaoishi maisha yaleyale lazima wahesabiwe sawasawa mbele ya mtoza kodi. Na kwamba Mahakama ya Juu ilipozikubali mwaka jana ndoa za jinsia moja katika kila jimbo, hata kodi ya Ohio haikuwa na njia ila kufuata. Nakubaliana na kila neno. Ndiyo maana nina hasira.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Majirani zangu, Bwana Earl na Bwana Lonnie, walifunga ndoa majira ya joto yaliyopita. Mwaka huu wamejaza fomu moja, mume na mume. Hongera zao, keki yao niliila. Mimi nilimwoa Gracieuse kule kwetu Kongo, Walungu, na mtoto wetu wa kwanza, Ashuza, sasa ana ndevu. Ng'ombe walitoka kwa baba yangu mbele ya kijiji kizima, padri akatubariki, kwaya ikaimba mpaka mvua ikatufukuza. Lakini vita vilichoma parokia na vitabu vyake vya ndoa, na katika kambi ya wakimbizi tuliandikishwa kila mtu peke yake. Kwa hiyo Ferdinandi ameniandika mseja. Mseja, mimi!

2. Nilipomuuliza Gracieuse basi yeye ni nani kwangu, alijibu bila aibu: "Bon, Papa Ashuza, tuseme tunalipa nyumba pamoja." Mama wa watoto wangu amekuwa mpangaji mwenzangu.

3. Ferdinandi anashauri twende mahakamani tukafunge ndoa, yaishe. Nakataa! Nikimwoa leo, nimekiri kwamba jana sikuwa nimemwoa. Isitoshe, mjomba wake Cikuru wa Louisville, aliyewapokea wale ng'ombe kwa niaba ya ukoo, amekwisha kupiga simu: kama kuna harusi mpya, ng'ombe wapya watafika lini? Hakuwa anacheka.

4. Kama serikali inashikilia kuwa mimi ni mseja, basi inipe useja kamili. Itume ofisa nyumbani kwangu amweleze Gracieuse kwamba mseja haulizwi alikuwa wapi, hachaguliwi shati la Jumapili, wala haambiwi apunguze chumvi. Siwezi kuwa mseja kwa mtoza kodi na mume wa mtu kwa sahani chafu.

Naomba basi uandike utafiti mwingine, wenye tanbihi nyingi kuliko ule, uthibitishe kwamba ndoa ni ndoa tangu siku watu walipoishuhudia, na kwamba sisi wawili tuhesabiwe kama Earl na Lonnie. Mbele ya hakimu sisimami. Hapo sibadiliki.

Wasalimie wanafunzi wako, Wakongomani wote wa Buffalo, na yeyote anayekusaidia kuondoa theluji mlangoni.

Ni mimi, mume halali,
Salomon Kataliko

Nyongeza: Jumapili nilimsomea Gracieuse barua hii, nikitegemea sifa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Donc, kwa sheria ya hapa, mimi sijaolewa?" Nikamwambia ndiyo, na hiyo ndiyo dhuluma yenyewe. Akanikumbusha kwamba Walungu aliulizwa baba yake, akaulizwa mjomba Cikuru, wakaulizwa hata mashangazi. Yeye hakuulizwa na mtu. "Sasa niulize, Papa Ashuza."

Nikamuuliza, Profesa, palepale jikoni, na barua hii mkononi. Amesema atafikiri. Mpaka leo anafikiri, na anaimba akiosha vyombo. Shati nimejichagulia mwenyewe, halinikai. Bwana Lonnie ameniazima tai, endapo itahitajika.

Achana na utafiti. Nijulishe tu hakimu wa huku hufungisha ndoa siku gani, na kama sheria yoyote, ya kodi au nyingine, inamwekea mwanamke kikomo cha kufikiri.